Hazina ya virusi vya muhogo ya kutumiwa na maabara nyingi: tuhifadhi vipi, tutume vipi?

Pingili_Safi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Kituo chetu kipo Kanda ya Ziwa upande wa Tanzania. Tafiti za miaka kadhaa zimetuachia sampuli kama mia mbili za majani ya muhogo yenye batobato, michirizi ya kahawia, au magonjwa yote mawili. Nyingi zipo kwenye friza ya -20 °C ndani ya mifuko ya plastiki, nyingine zimebanwa kwenye kadi za FTA (karatasi maalumu za kuhifadhi vinasaba). Wenzetu wa Kenya na Uganda wana mrundikano kama huo. Tunataka tuwe na hazina moja ya pamoja, ili mtafiti anayehitaji virusi vya kupimia ukinzani wa mbegu mpya, au kielelezo chanya cha PCR (kipimo cha kunakili vinasaba), ajue pa kuomba na apewe kitu kinachoeleweka.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Majani yaliyokaa -20 °C bado yanafaa kuambukizia mimea?
2. Hatuna mashine ya kugandisha na kukausha, na umeme unakatika mara kwa mara. Kuna njia ya kukausha inayoaminika?
3. Ni bora kutunza mimea hai, majani makavu, au nakala za jenomu kwenye plazmidi (DNA ya duara inayotunzwa ndani ya bakteria)?
4. Taratibu za kutumiana kuvuka mpaka zikoje?

---

Jani_la_Chini

Karibu, mkuu. Hili jambo limechelewa ukanda huu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kwanza tenganisha sampuli na aizoleti. Sampuli ni jani lililotoka shambani, na ndani yake kunaweza kuwa na virusi viwili, vitatu au hakuna kabisa. Aizoleti ni virusi vya chanzo kimoja vilivyopimwa, vikajulikana ni nini, vikathibitika kuwa viko peke yake, na vinaweza kuambukizwa tena kwenye mmea na kutoa dalili zilezile. Hazina inagawa aizoleti. Kati ya sampuli zenu mia mbili, mkipata aizoleti kumi na tano safi zinazowakilisha maeneo na aina tofauti, mtakuwa mmefanya kazi kubwa. Zilizobaki ni kumbukumbu ya vinasaba. Zitunzeni, ila msizitangaze kama virusi vya kuambukizia.

Swali la 1: kwa kuambukizia, msiyategemee. Kwenye -20 °C jani bichi halijalala sawasawa. Chembe za barafu zinaendelea kukua na kupasua seli, vimeng'enya na polifenoli vinaendelea na kazi polepole, na kila umeme ukikatika jani linayeyuka nusu kisha linaganda upya. Mzunguko huo ndio unaoua. Kagueni pia aina ya friza. Zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe hupandisha joto kwa makusudi kila baada ya muda fulani, na hazifai kabisa kwa kazi hii hata umeme ukiwa wa uhakika. Tafuteni ya kuyeyusha kwa mkono.

Kwa PCR hali ni afadhali. Virusi vya batobato ni vya DNA, na jenomu yake ni vipande viwili vya duara, DNA-A na DNA-B, kila kimoja kama nyukliotidi (herufi za vinasaba) 2,800. Hata jani lililochakaa au kadi ya FTA mara nyingi hutoa jibu. Virusi vya michirizi ya kahawia ni vya RNA, uzi mmoja wa nyukliotidi kama 9,000, na huo hukatika haraka. Anzeni na sampuli za michirizi: toeni RNA sasa, tengenezeni cDNA (nakala ya DNA ya hiyo RNA), pimeni. Msisubiri mpaka bajeti ya mwaka ujao.

Swali la 2: njia ipo, ni ya zamani, ya bei nafuu, na haihitaji mashine. Ni kukausha juu ya kalsiamu kloridi isiyo na maji, kwenye ubaridi wa 4 °C. Hatua zenyewe:

Chukua jani lenye dalili bayana. Hapa wengi wanakosea, kwa sababu magonjwa haya mawili hayakai mahali pamoja kwenye mmea. Batobato chukua majani machanga ya juu. Michirizi ya kahawia chukua majani yaliyokomaa ya chini, yenye umanjano unaofuata mishipa midogo kama unyoya. Ukichukua kilele cha mmea wenye michirizi unaweza kupata jibu la "hakuna" wakati mmea unaumwa kweli.

Futa vumbi, geuza jani uangalie mayai na tunutu wa nzi weupe. Ondoa mshipa mkuu kwa sababu unakauka polepole kuliko sehemu nyingine. Kata vipande vya upana wa milimita 3 hadi 5 kwa wembe mpya kila mmea. Kama ni mkasi, uchovye kwenye jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa 4 za maji, subiri dakika moja, suuza, kausha.

Weka gramu 0.5 hadi 1 ya vipande kwenye bahasha ndogo ya karatasi ya kuchujia. Jaza theluthi moja ya tyubu ya mililita 50 kwa chembe za kalsiamu kloridi, funika kwa pamba, weka bahasha juu ya pamba, funga kifuniko kwa nguvu, peleka kwenye jokofu la 4 °C kwa siku 5 hadi 7. Pamba ni ya lazima. Kalsiamu kloridi ikinyonya maji huyeyuka na kuwa uji, na uji huo ukigusa jani umeharibu. Ukiona chembe zimeanza kulowa siku ya pili, badilisha.

Jani lililokauka vizuri hubaki kijani na huvunjika ukilikunja, halipindi. Likigeuka kahawia, limekauka polepole na polifenoli za muhogo zimeshafanya uharibifu. Mara nyingi sababu ni kujaza majani mengi kwenye tyubu moja, au kuacha nje ya jokofu.

Likishakauka, hamishia kwenye tyubu za mililita 2 zenye kifuniko cha kuzungusha na pete ya mpira, tia chembe chache za silika jeli, weka tyubu ndani ya mfuko wa foili uliozibwa, ndipo upeleke -20 °C. Jani kavu lililozibwa namna hii halisumbuliwi na umeme kukatika siku nzima. Na siku ya kulitumia, acha tyubu ifikie joto la chumba *kabla* ya kuifungua. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unaganda ndani na kulowesha jani ulilolihangaikia.

Silika jeli peke yake nayo inafaa kwa shambani, angalau mara kumi ya uzito wa jani. Tumieni ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani, kwa sababu ya bluu ina kobalti ambayo ni sumu. Ikichoka, irudisheni kwenye oveni ya 110 hadi 120 °C kwa saa kadhaa.

---

Nyumba_ya_Wavu

Naunga mkono hapo juu, ila kuna jambo ambalo halikusemwa, na ndilo linaloamua swali la 3: kukausha hakufai virusi vyote kwa usawa.

Virusi vigumu kama vya kundi la batobato ya tumbaku huvumilia karibu kila kitu. MCMV, kimoja kati ya viwili vinavyoleta ugonjwa hatari wa mahindi ulioripotiwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, nacho ni imara na huambukizwa kwa utomvu bila shida. Mwenzake, SCMV, yumo kwenye ukoo uleule wa virusi vya michirizi, Potyviridae, na huvumilia ukavu kwa kiasi. Kundi la mnyauko madoa wa nyanya linakufa kwenye kukausha kwa kawaida, linataka -80 °C au nitrojeni kimiminika.

Sasa muhogo. Virusi vya michirizi, CBSV na UCBSV, mnaweza kuvihamisha kwa utomvu kwenda *Nicotiana benthamiana* (mmea wa majaribio wa jamii ya tumbaku), kwa hiyo jani kavu lina maana. Virusi vya batobato ni tatizo jingine. ACMV (batobato ya Afrika) huhamia kwa utomvu kwenye *benthamiana*, lakini kundi la EACMV (batobato ya Afrika Mashariki) ni gumu kwa njia hiyo, na kuvirudisha kwenye muhogo kwa utomvu ni karibu bure. Jani kavu la EACMV ni DNA ya kupimia, basi. Ukitaka kikae hai, una njia mbili: mmea wa muhogo wenyewe, au nakala ya kuambukiza ndani ya plazmidi.

Mimea hai inataka nidhamu. Tumieni aina zinazoumwa waziwazi: Albert kwa michirizi, Ebwanateraka kwa batobato. Aina zenye ukinzani msizitumie kutunzia, kwa kuwa hupona. Batobato hupungua kwenye matawi mapya, na pingili ya juu inaweza kuota haina virusi kabisa. Utadhani una aizoleti kumbe una mmea mzima wa afya.

Kuambukiza ni kwa kubebesha. Shina la chini liwe na miezi 2 hadi 3, na liwe limepimwa kwa PCR kuwa safi, maana macho hayatoshi. Kata kikonyo cha tawi lenye ugonjwa kama kabari, ingiza kwenye mpasuko wa shina safi, funga kwa parafilimu, funika kwa mfuko wa plastiki wiki moja hadi mbili kutunza unyevu, halafu toa mfuko taratibu. Dalili za batobato hutangulia. Za michirizi zinaweza kuchukua wiki 4 hadi 8 au zaidi, kwa hiyo msitupe mmea mapema.

Adui mkubwa ni nzi weupe. Virusi vya batobato vinakaa mwilini mwa mdudu: akishanyonya mmea mgonjwa kwa saa tatu na nusu hivi, na muda wa kuiva ukapita, dakika 10 za kunyonya mmea mwingine zinatosha kuuambukiza. Kwa hiyo nzi mmoja akiingia, aizoleti zenu zote ndani ya nyumba moja zinatiliwa shaka. Milango iwe miwili yenye nafasi katikati, wavu uwe wa matundu madogo kuliko milimita 0.25, mitego ya njano yenye gundi iwekwe kila kona na ikaguliwe kila wiki. Na kila aizoleti iwe na kizimba chake cha wavu ndani ya nyumba. Hilo la kizimba ndani ya nyumba watu hulikwepa kwa ajili ya gharama, na ndilo linaloharibu hazina nyingi.

Tishu kwenye chupa ni nzuri kwa kutunza mimea michache kwa nafasi ndogo, bila nzi. Joto lisizidi 28 °C. Ukifika 36 hadi 38 °C umeanza kufanya tiba ya kuondoa virusi bila kukusudia.

---

Pingili_Safi

Nashukuru sana wakuu. Nina mawili ya nyongeza.

Tukishakausha jani la michirizi, tutajuaje kama bado linaambukiza baada ya mwaka? Na je, hatuwezi kuweka kila kitu kwenye *benthamiana* tukawa tunahamisha mmea hadi mmea? Ni rahisi kuliko kubebesha.

---

Jani_la_Chini

La pili kwanza: msifanye hivyo. Kila unapohamisha, unachagua virusi vinavyoipenda *benthamiana*. Baada ya mizunguko kadhaa ulichonacho si kile cha shambani: mabadiliko ya jenomu yanajikusanya, na huenda kikirudi kwenye muhogo kikawa dhaifu. Halafu CBSV kwenye *benthamiana* ni kali, mmea hunyauka na kufa, kwa hiyo unalazimika kuhamisha haraka kila wakati. UCBSV kwa kawaida ni pole zaidi. Kama sampuli ilikuwa na vyote viwili, kimoja kinaweza kutangulia na kingine kikapotea njiani, na kitabu chenu kitaendelea kuandika "mchanganyiko" kwa miaka.

Utaratibu salama ni huu. Jani la asili kutoka shambani linakaushwa na kuitwa P0. Kutoka P0 ambukiza mimea kumi ya *benthamiana*, vuna majani yote siku moja dalili zinapokuwa wazi, kausha, gawa kwenye tyubu 40 au 50 ndogo. Hiyo ni P1, akiba kuu, haigawiwi kwa mtu. Kutoka tyubu moja ya P1 tengeneza P2, hiyo ndiyo ya kugawa. P2 ikiisha, rudi P1, usitengeneze P3 kutoka P2. Namna hii mtafiti wa mwaka wa kumi anapata kitu kilekile alichopata wa mwaka wa kwanza.

Kupima uhai: chukua gramu 0.1 ya jani kavu (kumbuka hiyo ni kama gramu 0.5 ya jani bichi), saga kwenye kinu kilichopoozwa kwenye barafu pamoja na mililita 2 hadi 3 za bafa ya fosfeti 0.05 M, pH 7.5, yenye sodiamu salfaiti 0.2% iliyowekwa asubuhi hiyohiyo. Salfaiti huzuia ule weusi wa polifenoli, na ikilala kwenye bafa inapoteza nguvu. Nyunyiza unga wa kaborandamu wa saizi 400 hadi 600 juu ya majani mawili au matatu ya *benthamiana* yenye majani 4 hadi 6, iliyokaa gizani usiku mzima. Paka utomvu kwa kidole chenye glavu, kwa mguso mwepesi. Ukikwaruza hadi jani likageuka rangi ya maji, umeua seli na virusi havina pa kuingia. Suuza kwa maji baada ya dakika chache. Weka kivulini siku ya kwanza, halafu 22 hadi 26 °C. Angalia kuanzia siku ya 7 hadi ya 14.

Mimea mitano kwa kila aizoleti, miwili ya bafa tupu, na mmoja wa aizoleti unayojua inafanya kazi. Pima mwezi mmoja baada ya kukausha, halafu baada ya mwaka, halafu kila miaka miwili au mitatu. Ikishuka kutoka mimea mitano kati ya mitano hadi miwili, usisubiri ifike sifuri. Tengeneza akiba upya kutoka P0 au P1 wakati bado inawezekana.

Na kila mara thibitisha kwa RT-PCR, usiishie kwenye dalili. Jozi ya vianzishi vya PCR, CBSDDF2 na CBSDDR, inatofautisha vizuri: bendi ya nyukliotidi 344 ni CBSV, ya 438 ni UCBSV, zote mbili ni mchanganyiko. Tumia jeli ya agarosi 2%, kwenye 1% bendi hizo zinakaribiana mno na utasoma vibaya. Ukitoa RNA moja kwa moja kutoka muhogo tumia CTAB 2% yenye PVP 2% na merkaptoethanoli, 65 °C dakika 15, kwani muhogo una sukari nyingi na polifenoli zinazozuia kimeng'enya cha PCR. Ukipata "hakuna" na jeni ya mmea ya kulinganishia nayo haikutoka, tatizo ni utoaji wa RNA, siyo virusi.

---

Kumbukumbu_Kwanza

Wakuu, mmezungumzia majani vizuri. Naomba niongezee upande ambao ukikosekana, friza nzima haina thamani kwa mtu wa nje: daftari.

Angalieni mfano uliopo mkononi mwetu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia alieleza Storey huko Amani, Tanga, mwaka 1936. Hadi karibu na mwaka 2010 virusi vyake viliandikwa kwa jina moja tu, CBSV. Jenomu kamili zilipolinganishwa ikaonekana ni spishi mbili. Kila rekodi ya zamani iliyoandikwa "CBSV" bila jani lililotunzwa haiwezi kupangwa upya. Aliyekuwa na jani, alipima tena akajua. Ndiyo maana P0 haitupwi hata kama mna mfuatano wa jenomu. Majina yatabadilika tena, na jani litabaki lilelile.

Kwa kila aizoleti andikeni: namba ya pekee, mahali pa kijiografia kwa GPS na kimo, tarehe, aina ya muhogo kwa jina la mkulima na la kitaalamu kama lipo, sehemu ya mmea iliyochukuliwa, alama ya ukali wa dalili kati ya 1 na 5, picha ya mmea mzima, ya jani, na kama ni michirizi, ya mzizi uliokatwa, vipimo vilivyofanywa, jozi gani, na nini *hakikupatikana*, namba ya GenBank (hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba), historia ya mizunguko, mmea gani na lini, namba ya kibali kilichotumika kukusanya, na tyubu ngapi zipo, wapi.

Namba msiweke ndani yake kitu kinachoweza kubadilika. Watu hupenda namba kama "EACMV-UG-Mwanza-3". Siku mkigundua ni mchanganyiko, namba inasema uongo na tayari imo kwenye makala za watu. Tumieni mfuatano mkavu, herufi za kituo na tarakimu, na namba ya aizoleti iliyokufa isipewe nyingine kamwe.

Kwa kutaja jina la virusi, fuateni viwango vya ICTV (kamati ya kimataifa ya kupanga virusi). Kwa kundi la begomovirusi, ndimo vilimo vya batobato, DNA-A nzima ikifanana kwa chini ya 91% na zote zinazojulikana, ni spishi mpya. Kwa ukoo wa Potyviridae mpaka ni karibu 76% kwenye jenomu. Kipande kifupi cha PCR hakitoshi kuamulia, hasa EACMV-UG (aina ya EACMV iliyotambuliwa Uganda) ambayo yenyewe ni zao la kuchanganyika vipande kati ya EACMV na ACMV: ukisoma kipande cha kati cha jeni ya ganda peke yake utasema ni ACMV.

Lebo: kalamu ya wino inafutika kwa ethanoli na kwa barafu. Chapisheni lebo za kuvumilia ubaridi, na ndani ya mfuko wa foili wekeni kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli.

Na akiba igawanywe sehemu mbili zisizotumia umeme mmoja wala jengo moja. Nusu ya P1 ikae Uganda au Kenya. Hapo ndipo neno "ya pamoja" linapata maana. Kuna pia hazina za kimataifa zinazopokea virusi vya mimea na kuvigawa kwa watafiti, kama ya DSMZ huko Braunschweig, Ujerumani, yenye aizoleti na antisera (seramu za kupimia virusi) nyingi. Kuweka nakala huko ni bima nzuri, ila msaini kwanza masharti ya nani anaruhusiwa kupewa na kwa matumizi gani.

---

Mpakani

Nijibu swali la 4.

Anayepokea ndiye anayeanza. Mkosaji wa kawaida hufunga mzigo kwanza halafu anaomba kibali. Utaratibu ni huu: anayepokea anaomba kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake (Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS). Kibali hicho kinataja masharti. Ndipo anayetuma anapeleka masharti hayo kwa mamlaka ya kwake, kwa ajili ya cheti cha usafi wa mimea au barua nyingine inayotakiwa. Virusi hai kwa kawaida vinaruhusiwa kwa utafiti tu, ndani ya sehemu ya karantini iliyokaguliwa, na wanaweza kutaka kujua mtakavyoteketeza mabaki. Kwenda Marekani kibali ni fomu ya PPQ 526 ya USDA. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia idhini maalumu chini ya kanuni ya 2019/829.

Pembeni yake kuna suala la rasilimali za vinasaba. Itifaki ya Nagoya ilianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, na nchi zetu tatu ni wanachama. Kwa hiyo mnahitaji kibali cha utafiti (COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya, UNCST Uganda), ridhaa ya mamlaka husika, na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kenya ongezeni kibali cha NEMA. Mkataba useme bayana mambo manne: matumizi yaliyoruhusiwa, kama mpokeaji anaweza kumpa mtu wa tatu, nani anatajwa kwenye machapisho, na itakuwaje ikipatikana faida ya kibiashara. Kwa hazina ya pamoja, tengenezeni mkataba *mmoja* wa mfano ambao wanasheria wa vituo vyote wameshaukubali. Bila huo kila tyubu itasubiri miezi.

Msidhani RNA au DNA iliyosafishwa haihitaji kibali. RNA kamili ya virusi vya aina ya CBSV inaweza kuanzisha maambukizi yenyewe, na plazmidi yenye nakala ya kuambukiza ni virusi kwa jina jingine, tena mara nyingi inaingia kwenye sheria za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Ulizeni kwa maandishi, pateni jibu kwa maandishi.

Kufunga: majani makavu yasafiri kwenye joto la kawaida. Tyubu ndani ya mfuko uliozibwa wenye kitu cha kunyonya, mfuko ndani ya kopo gumu, kopo ndani ya boksi. Nakala za vibali ziwe nje kwenye bahasha ya wazi, na nyingine ndani. Virusi vya mimea havimo kwenye kundi la vimelea hatari kwa binadamu au wanyama, kwa hiyo msibandike lebo ya UN3373 (ya sampuli za vimelea hivyo), mtaleta usumbufu bure. Mkilazimika kutumia barafu kavu, hiyo ndiyo mzigo wa hatari: UN1845, lebo ya daraja la 9, uzito wa barafu kwa kilo uandikwe nje, na boksi *lisizibwe* kabisa maana gesi ikikosa pa kutokea litapasuka. Boksi la kawaida la povu hupoteza kilo 2.5 hadi 4.5 kwa saa 24. Hesabuni safari, ongezeni siku mbili za forodha. Tumeni Jumatatu.

---

Nyumba_ya_Wavu

Nyongeza moja kwa Mpakani: ndiyo maana EACMV nashauri muitume kama plazmidi na siyo pingili. Pingili inabeba mayai ya nzi weupe, vidung'ata, na virusi ambavyo hamkuvipima. Kuzidisha kwa kimeng'enya cha phi29 hutoa DNA-A na DNA-B nzima kutoka hata kwenye kadi ya FTA. Kata kwa kimeng'enya kinachokata mara moja tu, unganisha nakala moja na nusu au mbili kwenye plazmidi, ingiza kwenye *Agrobacterium tumefaciens* (bakteria anayeingiza DNA kwenye mimea), tunza kwenye gliserini 20 hadi 25% kwenye -80 °C. Lazima mtunze A na B za aizoleti ileile. Kuchanganya A ya Mwanza na B ya kwingine kunaweza kuambukiza, lakini si virusi vya shambani tena. Na kabla ya kuiandika kwenye orodha, iingizwe kwenye muhogo na dalili zilinganishwe na picha za P0.

Za CBSV ni ngumu zaidi kutengeneza, jenomu nzima hutikisika ndani ya *E. coli* na vipande hufutika. Kwa hiyo hizo bakini na majani makavu pamoja na mimea iliyobebeshwa.

---

Pingili_Safi

Wakuu, nimeelewa. Swali la mwisho: vituo vingi vinavyotuandikia havitaki virusi hai, vinataka kielelezo chanya cha PCR na ELISA (kipimo cha virusi kwa kingamwili). Tuwape nini?

---

Jani_la_Chini

Wapeni, kadiri inavyowezekana, kitu kisichoambukiza. Kwa PCR, cDNA, au plazmidi yenye kipande kifupi kinachosomwa na jozi husika, ambacho hakiwezi kuambukiza. Ongezeni ndani yake nyukliotidi 50 hivi zisizo za virusi, ili bendi yake iwe kubwa kidogo kuliko ya kweli. Kielelezo kikimwagika kwenye sampuli za mtu, ataona bendi ya ukubwa usio wake na atajua ni uchafu wa maabara.

Kwa ELISA, jani lililokaushwa na kusagwa, likagawiwa kwa vipimo vya gramu 0.1 na maelekezo ya kuongeza mililita 2 za bafa ya kutolea. Hilo bado linaweza kuwa na virusi hai, kwa hiyo linahitaji kibali kama kawaida, isipokuwa mamlaka ya mpokeaji imekubali kwa maandishi njia mliyotumia kuliua na mmethibitisha kwa mimea ya *benthamiana* kwamba haliambukizi. Kila kundi la vielelezo litumwe pamoja na jani safi la aina ileile ya mmea, maana bila kielelezo hasi kilichokaushwa vilevile, rangi hafifu ya njano kwenye sahani ya ELISA haina tafsiri.